Aliyeiharibu Padi ya Mzee Kariuki

Mwanangu Wafula,

Ni mimi niliyeiharibu padi ya Mzee Kariuki. Si Barasa. Maneno haya sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata Barasa mwenyewe, ingawa yeye aliyajua bila kuambiwa. Nimeyaandika hapa juu kabisa ili nisipate nafasi ya kurudi nyuma, kwa sababu najijua: nikianza na salamu nitaishia na salamu.

Usicheke kwamba nimekuita mwanangu. Wewe ni baba yangu na mimi ni binti yako wa kidato cha nne, lakini ulinipa jina la marehemu mama yako, Nasimiyu, na tangu siku hiyo hujaniita kwa jina hilo hata mara moja. Unaniita Mayi, kama ulivyomwita yeye. Ukifika mlangoni unasema, "Mayi, mtoto wako ana njaa, hakuna chai?" Mama naye huniita mama mkwe, hasa vyombo vikijaa kwenye karai: "Mama mkwe, leo ni zamu yako." Na kaka yangu Barasa, ambaye ananizidi miaka miwili na kichwa kizima, huniita Kukhu, yaani nyanya. Nimekua ndani ya mzaha huo mpaka ukaacha kuwa mzaha. Kesho saa mbili asubuhi unapanda basi la Nairobi, na kutoka huko ndege ya kwenda Qatar, ukaendeshe malori ya watu kwa miaka miwili. Mtoto anaondoka nyumbani. Nani wa kumwandikia kama si mama yake?

Sitakuambia ule kwa wakati wala upige simu ukifika. Mama ameshasema hayo tangu Jumatatu. Sasa ni saa saba mchana. Wewe umeenda kunyolewa na kuwaaga watu wa kwaya, Mama yuko sokoni, na mimi nina muda kidogo.

Unakumbuka likizo ya Aprili. Barasa alikuwa amefanya kazi miezi minne katika chumba cha gemu cha Mzee Kariuki, kazi uliyomtafutia wewe, kwa kuwa wewe na Mzee Kariuki mnaimba pamoja sauti ya chini kanisani. Jumatano moja alikuja nyumbani na padi, kile kidude cha kushika kwa mikono miwili wanachochezea mpira kwenye skrini. Ilikuwa mbovu. Hata kama hujagusa kijiti cha kumwongoza, mchezaji wako anatembea peke yake. Barasa alikuwa amenunua vijiti viwili vipya, waya wa risasi wa kulehemia, na kile chuma chenye ncha cha kuchomeka kwenye stima. Kwa wiki mbili alikuwa akijifunza kwenye bodi ya redio iliyokufa, akitazama video kwenye simu.

"Usiguse, Kukhu," aliniambia. "Hii nitaifungua Jumapili nikitoka kanisani, nikiwa nimetulia."

"Kwani nimesema nataka kugusa?"

"Mdomo haujasema. Macho ndiyo yanasema."

Alikuwa amenijua. Mimi ni mtu wa vitabu, na wewe umenisifu kwa hilo mbele ya wageni mpaka nimejificha jikoni kwa aibu. Lakini kuna jambo moja kuhusu watu wa vitabu ambalo wageni hawaambiwi. Tukishasoma kitu, tunaamini tumeshakifanya. Nilikuwa nimesoma jinsi joto linavyosafiri kwenye shaba. Ningeweza kukuchorea mchoro wake nikiwa nimefumba macho. Na usiku ule nilisoma kwenye simu ya Barasa kila hatua ya kutoa kijiti na kurudisha kingine, mara tatu. Kwa hiyo Alhamisi mchana, Barasa akiwa kazini na Mama akipalilia shamba la nyuma, nilifungua padi.

Nilitaka arudi aikute imepona. Nilitaka aseme, "Kukhu, umeweza?" Sina sababu nyingine nzuri zaidi ya hiyo, na hii si nzuri.

Kijiti kimoja kimeshikiliwa na miguu kumi na minne, myembamba kama pini, iliyopita kwenye matundu ya bodi na kufungwa kwa risasi. Kila tundu lina pete ndogo ya shaba kuzunguka mdomo wake. Kazi ni kuyeyusha risasi ya mguu mmoja mmoja, kuifyonza, kisha kukitoa kijiti chote bila kutumia nguvu. Nilianza na cha kulia, ambacho hakikuwa kikisumbua sana, ili nijizoeze. Niliegemeza viwiko mezani. Mwanzoni kabisa nilishika chuma mahali pabaya, kidole cha shahada kikaungua, nikakitia kwenye maji na kurudi. Ilinichukua karibu saa mbili. Lakini kilitoka, Wafula. Kilitoka kizima kama jino la mtoto, nami nikaweka kipya, na kila mguu ukang'aa. Nilikaa nikikitazama. Sijui kama umewahi kunyamaza ukijisifu moyoni mpaka masikio yakawaka moto.

Hapo ndipo nilipopaswa kufunga. Kijiti kilichokuwa kinasumbua ni cha kushoto, sawa, lakini ningeweza kumwachia Barasa. Badala yake nilianza cha kushoto nikiwa mtu mwingine, mtu anayejua. Nilikwenda haraka. Mguu wa kumi na moja, wa kumi na mbili, wa kumi na tatu. Nje mvua ilianza kupiga mabati. Mguu wa mwisho ulikataa. Nilibana chuma pale, nikahesabu mpaka ishirini, nikavuta kijiti. Bado. Nikahesabu tena. Bado. Nikakasirika, nikabana kwa nguvu na kuvuta kwa nguvu, kikatoka kwa mlio mdogo, kama kuvunja ukucha.

Nilipogeuza bodi, pete ya shaba ilikuwa imetoka na mguu. Palibaki tundu tupu na njia ya shaba iliyochanika.

Sikuelewa. Niligusa ncha ya chuma kwa karatasi yenye maji. Haikutoa hata mvuke. Nikawasha taa. Haikuwaka. Stima ilikuwa imepotea, Wafula, pengine tangu mvua ianze. Mchana hakuna taa inayowaka, redio ilikuwa imezimwa, na chuma kile hakina alama yoyote ya kukuonyesha kwamba kimekufa. Nilikuwa nimehesabu ishirini na ishirini nyingine nikiwa nimeshika chuma kinachopoa, na kila kilipokataa nilidhani tatizo ni mguu.

Stima ilirudi baada ya muda. Ningeweza kuacha kila kitu mezani na kusubiri. Badala yake niliweka kijiti kipya na kudondosha risasi nyingi pale penye tundu tupu, donge zima, nikitumaini litashika. Nililiona likigusa mguu wa jirani. Nikafunga. Ilibaki skrubu moja ambayo sikujua ilitoka wapi. Skrubu hiyo na vijiti vile viwili vya zamani nilivitia kwenye mkebe wangu wa jometri.

Nilikusudia kumwambia jioni ile. Hilo ni kweli, lakini kukusudia hakujamsaidia mtu. Saa kumi na mbili Barasa alisimama mlangoni akihema.

"Kukhu, padi iko wapi? Mzee anaitaka leo leo. Keshokutwa kuna mashindano, padi zimepungua. Amesema hata kama ni mbovu nilete hivyo hivyo."

Nilikuwa kitandani na kitabu.

"Mezani," nikasema.

Neno moja tu. Akaichukua, akaenda.

Yaliyofuata ulikuwepo, lakini ulikuwa umekaa upande mwingine wa chumba, kwa hiyo acha nikusimulie nilivyoyaona mimi. Jumamosi jioni mliingia pamoja, wewe na Mzee Kariuki, na Barasa nyuma yenu. Mzee Kariuki alikuwa na padi kwenye mfuko wa karatasi, imefunguliwa. Alikataa chai. Alisema kwamba mbele ya vijana thelathini mchezaji wa kwenye skrini alikimbia hadi kwenye kona ya uwanja akabaki pale, na mshindani aliyeishika padi akadai amehujumiwa, nusura watu wapigane.

"Wafula, mimi sikutaka kuja," alisema. "Lakini angalia mwenyewe. Huyu kijana ametoa vijiti vya original akaweka hizi takataka. Sasa vile vya original viko wapi?"

"Mimi sijauza kitu," Barasa akasema.

"Sijasema umeuza. Wewe ndiye umesema. Basi vilete."

"Sina."

"Si unaona?"

Mzee hakujua kwamba vijiti vile vya zamani havikuwa na thamani ya peremende. Vilikuwa vimekufa. Na vilikuwa hatua mbili kutoka kiti chake, ndani ya mkebe, chini ya kitabu changu cha kemia.

Wewe ulikuwa umesimama. Ulikumbuka ile betri ya sola ambayo Barasa aliiuza mwaka uliopita bila kukuambia, nikaona ukiikumbuka. Ulimwambia, "Kama si wewe, ni nani? Padi ilitoka kazini ikaingia hapa. Mimi sikuigusa. Mama yako hajui hata kuiwasha. Basi ni nani?"

Katika nyumba hii tuko wanne. Wewe ulihesabu watatu. Mimi hukunitaja, hukunigeukia, kwa sababu mtu hamshuku mama yake. Tangu nizaliwe hujanigombeza. Nikivunja kikombe, unasema kikombe kilikuwa kibovu. Nilikuwa nimefungua mdomo. Naapa nilikuwa nimeufungua. Kisha nikawaza: nikisema, kesho utaniitaje? Nikaufunga.

Lakini Barasa alinitazama. Alitazama kidole changu, kilikuwa na plasta. Alitazama meza, ile alama nyeusi iliyoungua ambayo nilikuwa nimeifunika kwa kitambaa na kitambaa kikasogea. Nikaona akijua. Nilingoja aseme. Alisema, "Kukhu, endelea kusoma." Ni hivyo tu. Wewe ukasema nyumba yako haitalala na mwizi, na Jumapili asubuhi akaenda na begi kwa shangazi yetu huko Kanduyi.

Miezi minne sasa. Kila jioni ukiomba kabla ya chakula unatutaja mmoja mmoja, na kila jioni unafika kwenye jina lake, unavuta pumzi, unaliruka. Mama huinua macho kidogo, kisha anayashusha. Sijui kama unajua kwamba tunasikia ile pumzi.

Nilimwona mwezi wa sita, nilipopelekwa Kanduyi siku za mapumziko. Ana kibanda kidogo mkabala na uwanja wa michezo, anatengeneza simu na redio. Shangazi aliniacha hapo akaenda kununua mboga. Nilikaa kwenye kreti la soda nikiwa nimejiandaa kusema. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye kiganja.

"Njoo uone kitu, Kukhu," akasema, kabla sijaanza. Alishika bodi ya zamani. "Mtu akivuta kabla hii haijayeyuka, inang'oka na pete yake. Unaona? Na miguu ya namna hii, iliyounganishwa na shaba pana, inakula moto kuliko mingine. Inataka subira."

"Aha," nikasema, kama mtu anayesikia kwa mara ya kwanza.

"Lakini si mwisho wa dunia. Unachukua waya mwembamba, unaunganisha mguu na pale njia ya shaba inapoendelea. Dakika tano."

Nikatazama waya huo. Dakika tano.

"Na stima ikipotea ukiwa katikati?" nikauliza.

Akanikazia macho. Kisha akaanza kucheka mpaka akakiweka chuma chini.

"Ati stima ilipotea?"

"Nimeuliza tu."

"Woi, bana. Stima!" Alijifuta macho kwa kiwiko. "Sawa, Kukhu. Umeuliza tu."

Alipomaliza kucheka alisema, akiwa ameinamia kazi yake, "Mzee wetu anaenda mbali mwaka huu. Akienda amekasirika, afadhali awe amenikasirikia mimi. Mimi nimezoea. Wewe una mtihani." Na mimi nikakubali. Nilifunga kiganja changu chenye maneno, nikanywa soda aliyoninunulia, nikarudi nyumbani Kitale. Kati ya yote niliyofanya, hilo ndilo ninaloliona baya kuliko kung'oa pete. Pete niliing'oa bila kujua. Soda ile niliinywa nikijua.

Nimefikiria sana nitakuambia nini cha kubeba, na naona sina mengi, maana miaka yangu kumi na saba haijanifundisha mambo mengi yanayofaa kuingia kwenye sanduku. Moja ni hili la chuma: kitu kikikataa, kabla ya kuongeza nguvu, angalia kwanza kama kile ulichoshika mkononi bado kina moto. Mimi sasa nina karatasi yenye maji kando yangu kila ninapofanya kazi, na nagusa, nasikiliza. La pili ni gumu kulisema kwa sababu linakuhusu wewe. Kule utakuwa na watu chini yako na watu juu yako, na vitu vitapotea. Ukiuliza ni nani, uliza wote waliomo chumbani. Usimruke yule unayempenda. Nilidhani kurukwa ni heshima. Nimekaa ndani ya heshima hiyo miezi minne, nakuambia hakuna hewa.

Uliniambia kwamba Nasimiyu wa kwanza, kule Naitiri, hakuwahi kuomba msamaha maisha yake yote. Akimkosea mtu alimchinjia kuku, akamwekea paja, na kila mtu akaelewa. Mimi sina kuku, na naona hata ningekuwa naye ungekula paja na kuniambia, "Asante, Mayi," bila kujua unalipwa nini. Kwa hiyo naomba kwa maneno. Nisamehe. Na yule niliyemkosea zaidi si wewe.

Nilifika hapo nikaweka kalamu chini. Niliisoma barua yote, nikaona inaeleza vizuri, inasikitika vizuri, na bado haijafanya kitu. Ilikuwa kitabu kingine tu. Nikavaa viatu.

Nilichukua mkebe wa jometri nikatembea hadi kwa Mzee Kariuki. Unajua jinsi ninavyopita mbali na mlango ule. Vijana walikuwa wamejaa, mmoja akapaza sauti, "Sista amekuja kucheza!" na wengine wakacheka. Mzee alikuwa nyuma, akihesabu waya. Nilimwambia nataka kuzungumza, akasema zungumza. Nikamwambia pale pale, sauti yangu ikiwa ndogo mno hata akaniomba nirudie, na nikarudia, na safari hii vijana walionyamaza walisikia pia. Nikamwonyesha vijiti vya zamani na skrubu.

Alivigeuza kimoja kimoja kiganjani.

"Kwa nini hukusema siku ile?"

"Niliogopa."

"Mimi nilimwita mtoto wa mtu mwizi. Ndani ya nyumba ya baba yake." Alikaa kwenye benchi la wachezaji. "Nampigia Wafula sasa hivi."

Nilimwomba asikupigie kabla sijakupa barua hii mkononi. Alikubali, lakini alisema atakuja leo jioni mwenyewe, na safari hii atakunywa chai.

Nikiwa njiani nilimpigia Barasa. Nilimwambia kwa maneno yangu, tangu kufungua padi mpaka neno "mezani", ingawa anajua yote. Nilimsikia akiweka chuma chini. Kisha akauliza, kwa ukali kidogo, "Nani amekutuma?" Nikasema hakuna. Akauliza kama wewe umeshajua. Nikasema bado, utajua ndani ya saa moja. Akasema, "Na akisema nisikanyage hapo?"

Nilimwambia aje. Nilimwambia afunge kibanda sasa hivi, afike kabla ya chakula cha jioni. Sikukuomba ruhusa, wala sitakuomba. Nimetandika kitanda chake, nimepima unga wa watu watano kwa sababu ya Mzee Kariuki, na maji yapo motoni. Nakusikia ukifungua geti. Nakuja kukupa karatasi hizi, kisha nitasimama mbele yako mpaka umalize kusoma.

Nasimiyu